Utumbo Ukijimeza, Usingoje Kesho



Mtoto wenu wa miezi saba ameamka mzima, akanyonya na kucheza. Ghafula analia kwa ukali, anakunja miguu tumboni, uso unampauka. Baada ya dakika chache ananyamaza, pengine analala usingizi. Mnasema, "Ahsante Mungu, yamekwisha." Lakini punde kilio kinarudi. Msidanganywe na kule kunyamaza: yawezekana utumbo wake umejimeza.

Je, utumbo hujimezaje? Shikeni mkono wa kanzu, mkasukume sehemu ya juu iingie ndani ya sehemu ya chini. Ndivyo ilivyo tumboni. Mara nyingi mwisho wa utumbo mwembamba huingia ndani ya utumbo mpana. Hapo ndipo kilipo kidole tumbo, nacho pengine huvutwa humo pamoja nao. Chakula hakipiti, mishipa ya damu inabanwa. Na utumbo usiopata damu huoza na kutoboka.

Ugonjwa huu huwapata hasa watoto wa miezi 3 hadi miaka 3, na zaidi wasiotimiza mwaka. Hakuna aliyemroga mtoto, wala maziwa ya mama hayana kosa.

Mtoto hutapika, na baadaye matapishi huwa ya kijani. Mwishowe huweza kutoa choo chenye damu na kamasi. Hapo wengine husema ni mchango, au meno, au kuhara damu. Msingoje mpaka damu ionekane. Wala msimtie dawa ya miti kwa njia ya haja kubwa. Mwaweza kumwumiza zaidi, na saa zinapita.

Hospitalini daktari hupapasa tumbo, na kipimo cha ultrasaundi humwonyesha duara ndani ya duara. Mtoto hutiwa maji kwa mshipa. Kama utumbo haujatoboka, hewa au maji huingizwa kwa nguvu iliyopimwa kwa njia ya haja kubwa, yakausukuma urudi mahali pake. Watoto wengi hupona hivyo bila kisu. Isipowezekana, hupasuliwa: daktari huurudisha utumbo taratibu kwa mkono, na sehemu iliyooza huikata. Msiogope kisu. Tangu mwaka 1871, huko London, daktari Jonathan Hutchinson alimpasua msichana wa miaka 2 mwenye ugonjwa huu, naye akapona.

Mara chache sana kidole tumbo chenyewe hujimeza, hata kwa mtu mzima. Maumivu huja na kuondoka, pengine kwa miezi, na mara nyingi ukweli hujulikana wakati wa kupasuliwa tu. Kidole tumbo hukatwa na kupimwa, maana huenda uvimbe fulani ndio chanzo. Basi ninyi watu wazima, msizoee maumivu ya tumbo yanayorudi rudi, mwoneni daktari.

Mtoto aliyepona aweza kushikwa tena. Kilio kile kikirudi, rudini hospitali mara moja.

Baba, usiseme, "Tuuze mahindi kwanza." Bibi, usiseme, "Tuone mpaka kesho." Mtoto huyu ni amana ya Mungu mikononi mwenu. Mwombeeni, ndiyo, lakini mwombeeni mkiwa njiani kwenda hospitali.