Pimeni mzigo kabla ya kununua mashine ya boti

Wiki hii nimepata barua kutoka kwa wavuvi wanane wa Kivukoni, kando ya Mto Kilombero, si mbali na mji wa Ifakara. Kwa misimu miwili wamekuwa wakichanga fedha ili wanunue mashine ya kupachika nyuma ya boti. Boti wanayo tayari. Ni ya aluminiamu, madini yale yale ya sufuria zetu, na urefu wake ni futi 14. Fedha nazo zimetimia. Kilichokosekana ni kauli moja.

Watatu wanataka mashine ya nguvu farasi 40 iliyokwisha kutumika, ambayo mtu amewaonyesha Dar es Salaam kwa bei ya kuvutia. Wanne wanataka mpya ya nguvu farasi 15. Mmoja, ambaye ndiye mzee wao, anashikilia kwamba 8 inatosha na kinachobaki wanunue nyavu. Wanaandika: "Tuamulie, maana tumeanza kununiana."

Nimeona nijibu hadharani, kwa sababu mara nyingi mashine ya namna hii hainunuliwi na mvuvi mwenyewe. Hutumwa ndugu aliye mjini, anakabidhiwa fedha za watu na kuambiwa, "Wewe unajua mambo ya huko, tuchagulie." Huenda kesho ukatumwa wewe.

Wapo watakaouliza kama boti bado zina kazi Kilombero. Ni kweli kwamba Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni, na kwamba mwaka 2018 lilifunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, linalounganisha Ifakara na upande wa Mahenge. Lakini daraja huvusha watu mahali pamoja tu, na bonde hili lina urefu unaozidi kilomita 200. Mito kama Mnyera, Ruhudji na Mpanga huliletea maji, na masika yanapopamba moto tambarare yote hugeuka kuwa ziwa la majani. Ni ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002. Huko ndani ziko kambi za wavuvi, yako mashamba ya mpunga, na yuko mama mjamzito ambaye njia yake imemezwa na maji. Wavuvi hawa wanasema wakati wa kifuku boti yao ndiyo gari la wagonjwa. Kwa hiyo tunachozungumza hapa ni roho za watu pamoja na fedha za wanane.

Basi tuanze na boti yenyewe. Boti nyingi za aluminiamu zilizotengenezwa kiwandani hubandikwa kibati kidogo kinachotaja idadi ya watu, uzito wa mzigo, na nguvu ya juu ya mashine. Wavuvi wetu wanasema chao kinasomeka watu 4 na nguvu farasi 20. Kwa kibati hicho, hoja ya 40 imekwisha kabla ya kuanza. Aliyeiunda boti alipima bati lake, misumari yake na sehemu ya nyuma inayobeba mashine, akajua mwisho wake uko wapi.

Lakini sipendi mtu atii bila kuelewa, kwa hiyo nieleze kwa nini. Mashine ya nguvu farasi 40, hata zile za kizamani zilizo nyepesi, ina uzito wa kilo 70 na ushei. Ya 15 ya aina hiyo hiyo ina kilo 36 hivi. Mwendeshaji naye huketi nyuma, na dumu la petroli huwekwa nyuma. Ukizidisha uzito huko, tezi inazama na omo inatazama juu. Siku utakayopunguza mwendo ghafla kwa kukwepa kiboko, wimbi ulilokuwa ukilivuta nyuma yako litakufikia na kuingia botini. Boti ndogo haihitaji mawimbi mengi ya namna hiyo kujaa.

Halafu kuna suala la mwendo, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Boti inakwenda kwa namna mbili. Ya kwanza ni kulima maji: boti imezama kiasi na inayapasua. Katika hali hiyo mwendo unategemea zaidi urefu wa boti kuliko nguvu ya mashine. Boti ya futi 14 hufika kilomita 9 hivi kwa saa, na ukiongeza nguvu kidogo unaongeza mawimbi na gharama tu. Namna ya pili ni kuteleza juu ya maji, pale nguvu inapotosha kuinyanyua boti ikawa kama jiwe bapa lililorushwa na mtoto ziwani. Hapo mwendo huongezeka mara mbili na zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nguvu farasi moja iweze kubeba kilo 20 hadi 25 za uzito wote, yaani boti, mashine, mafuta, watu na mizigo.

Tufanye hesabu ya wavuvi wetu. Chukua boti kilo 110, mashine ya 15 kilo 36, petroli na dumu lake kilo 20, watu wawili kilo 140. Jumla ni kilo 306. Gawanya kwa 15, unapata kilo 20 na nukta kwa kila nguvu farasi. Boti itateleza bila shida. Sasa ongeza nyavu, barafu na samaki, kilo 100. Jumla inakuwa 406, na kila nguvu farasi inabeba kilo 27. Hapo itajikongoja. Lakini wavuvi hawa wanasema hupanda mto wakiwa wepesi na hurudi na samaki wakisaidiwa na mkondo. Kwao 15 inaingia katika kazi kama mpini katika jembe.

Na mzee mwenye 8 je? Nisimdharau. Kama kazi ingekuwa ya kiangazi peke yake, maji yakiwa yametulia na hakuna haraka, angekuwa sahihi, na mafuta angeokoa. Kinachompinga ni masika. Mwendo wako ukiwa kilomita 9 kwa saa na mkondo ukikurudisha kilomita 5, unabakiwa na 4, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea. Ukiwa na mgonjwa botini, hapo ndipo utakapoikumbuka ile nguvu ya akiba.

Jambo linalofuata ni urefu wa mguu wa mashine. Ziko za mguu mfupi, inchi 15, na za mguu mrefu, inchi 20. Pimeni sehemu ya nyuma ya boti kutoka juu mashine inapokaa hadi chini kabisa, kisha mfuate kipimo hicho. Lile bati bapa lililo juu ya propela liwe sawa na tumbo la boti, au lishuke chini yake kidogo tu. Mguu ukiwa mfupi mno, propela itavuta hewa na kupiga kelele bila kazi. Ukiwa mrefu mno, Kilombero ya mwezi wa Oktoba, yenye mafungu ya mchanga kila kona, itakufundisha adabu.

Propela nayo ina lugha yake. Mapanga yake yakilala sana kwa pembe kali, kila mzunguko unaisogeza boti hatua ndefu. Yakiwa na pembe ndogo, hatua ni fupi lakini ina nguvu. Ni kama gari linalopanda mlima wa Mahenge na magunia ya mchele: dereva hatumii gia ya barabara tambarare. Kwa boti ya mizigo, ombeni propela ya hatua fupi, na mnunue mbili, maana visiki vya mto huu havina huruma. Nunueni pia pini za akiba kama mashine yenu ni ya kutumia pini. Kazi ya pini ni kukatika propela inapogonga, ili gia zipone. Mtu asije akaweka msumari mgumu badala yake.

Kuna mashine za aina mbili. Ziko zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, na ziko zile zenye oili yake peke yake kama gari. Hizi za pili hunywa mafuta kidogo na moshi wake ni mchache, lakini ya nguvu farasi 15 hufika kilo 50, na ikiharibika inataka fundi aliyesoma zaidi. Za kuchanganya ni nyepesi, na mafundi wa pikipiki za zamani wanazielewa. Kwa kambi iliyo mbali na duka, bado ningechagua ya kuchanganya, kwa sharti moja: uchanganyaji usiwe wa kukisia. Kama kitabu cha mashine kinasema moja kwa hamsini, dumu la lita 20 linataka oili mililita 400, si zaidi wala si pungufu. Na iwe oili ya mashine za boti za kuchanganya, si ile ya injini ya gari. Petroli ya chupa za barabarani ichujwe kwanza, kwani maji kidogo tu yanatosha kukuzimishia mashine katikati ya mto.

Ulaji wa mafuta nao ni hoja. Ikiendeshwa kwa nguvu zote, mashine ya 15 ya kuchanganya hula kama lita 6 au 7 kwa saa. Ya 40 hula lita 17 hadi 20. Zidisheni kwa saa zenu za mtoni na bei ya petroli ya Ifakara, kisha mjiulize ni kilo ngapi za kambale zitakwenda kulipa tofauti hiyo. Waswahili husema rahisi ghali. Bei ya kununua hulipwa mara moja, ya kuendesha hulipwa kila asubuhi.

Kama bado mnatamani mashine iliyotumika, hata hiyo ya 15, msinunue kwa kuitazama rangi. Fungueni oili ya gia kule chini. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia. Iwasheni ndani ya pipa la maji, kamwe isiwashwe kavu, kwa sababu mpira wa pampu huungua mara moja. Maji yachirizike nje kwa nguvu wakati inanguruma. Mto wenye mchanga kama Kilombero hula mpira huo haraka, kwa hiyo ukaguliwe kila msimu na mmoja wa akiba uwepo kambini.

La mwisho ni kamba fupi nyekundu inayokuja na mashine nyingi, ambayo watu huitupa droo. Upande mmoja hufungwa mkononi mwa mwendeshaji, upande mwingine kwenye swichi. Akianguka majini mashine inazima. Asipoifunga, boti huweza kuzunguka ikamrudia yeye mwenyewe na propela yake. Fungeni kamba hiyo, vaeni majaketi ya kujiokolea, na boti ipelekwe kukaguliwa na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vidogo vya majini. Hata mgonjwa akiwa mahututi, watu wanne wa kwenye kibati wabaki wanne. Mashine ya 15 haiongezi kiti.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kivukoni, hukumu yangu ni hii: nguvu farasi 15, ya kuchanganya oili, mguu kwa kipimo cha boti yenu, propela mbili za hatua fupi. Wale watatu wa 40 wakumbuke kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Mzee naye apewe heshima yake: fedha itakayookolewa kwa kuiacha ile ya 40 na mafuta yake, sehemu yake iende kwenye nyavu alizoziomba.

Mkishanunua, niandikieni tena mnieleze safari ya kwanza ya masika ilikuwaje. Hadi wiki ijayo, nawatakia heri.