Moto Wenye Kuhesabu

Mkulima wa Muthara, katika Tigania Mashariki, kwenye miteremko ya vilima vya Nyambene ambako miraa, mahindi na maharagwe hugawana ardhi na migomba, anaponunua mche wa ndizi uliolelewa chupani badala ya kuchimbua chipukizi katika shina la jirani, ambalo aghalabu angepewa bure, hutoa fedha zake kwa sababu moja kubwa: ameahidiwa kwamba mche ule hauna maradhi. Ahadi hiyo hawezi kuihakikisha kwa macho, maana mche safi na mche ulioambukizwa, katika majuma ya kwanza, hufanana kama mapacha. Aliyeitoa ni maabara. Na ukiifuata ndani ya maabara hadi kwenye msingi wake, utaikuta imesimama juu ya kitendo kidogo kisichotajwa katika tangazo lolote, nacho ni kupitisha kibano na kisu katika moto, kila mara, kabla ya chuma kugusa tishu iliyo hai.

Kitendo hicho wanadamu wamejaribu, kwa njia mbalimbali, kukiondoa mikononi mwao na kukikabidhi kwa mashine, na inafaa mkulima na mwananchi wa kawaida wafahamu wamefanikiwa wapi na wapi panahitaji tahadhari.

Miche ya namna hii ilianza kuwafikia wakulima wadogo wa Kenya katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wakati Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, KARI, ambayo tangu 2013 imeingizwa katika KALRO yenye kituo kimojawapo mjini Embu, iliposhirikiana na shirika la ISAAA kueneza migomba isiyobeba udongo wa shamba la zamani. Ilikuwa lazima, kwa kuwa chipukizi linalong'olewa shambani huhama na adui zake wote: ugonjwa wa Panama ukaao udongoni miaka mingi, minyoo wa mizizi, na fukusi watoboao shina. Katika maabara, mathalan ile ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, mtaalamu huchukua ncha ya chipukizi, akaivua magamba yake hadi ibaki sehemu ndogo nyeupe, akaitia juu ya chakula cha agari, ile jeli ya kukuzia, pamoja na sukari na chumvi, ambacho vipimo vyake vya asili vilitangazwa na wataalamu Murashige na Skoog mwaka 1962. Ncha ile huchipuza, machipukizi yake hutenganishwa kwa kisu, kila moja likapewa chupa yake, nalo likachipuza tena.

Sasa na tupige hesabu. Tukichukulia kwamba chipukizi moja huzaa matatu kila mwezi, baada ya miezi sita huwa ni 729. Hiyo ndiyo baraka ya ufundi huu, na humo humo ndimo ilimo hatari yake. Kwani chakula kile kinachoulisha mgomba huilisha pia kuvu na bakteria, tena wao hula upesi zaidi. Chupa moja ikiharibika mwishoni mwa mwezi wa kwanza, aliyeipoteza hakupoteza chipukizi moja tu, bali amepoteza 243 ambayo yangalizaliwa nalo. Na ikiwa bakteria wake ni wa aina ile ijifichayo ndani ya tishu bila kulitia agari ukungu, basi kisu kisichochomwa sawasawa huwachukua kutoka chupa hii hadi ile, na maabara ikawa inasambaza kwa bidii jambo lile lile iliyoundwa kulizuia.

Mtazame basi mtaalamu aliyeketi mbele ya kabati lake, ambamo upepo uliochujwa hupita taratibu kumwelekea yeye. Mezani pana gilasi nzito yenye spiriti, kichomeo cha gesi, sahani iliyotakaswa, na safu ya chupa zingojeazo. Huchovya kibano katika spiriti, akakitoa, akakigusisha kwenye ulimi wa moto; spiriti huwaka kwa mwali wa buluu hafifu ambao katika mwanga mkali ni taabu kuuona, kisha huzimika. Hukirudisha kibano motoni kwa muda, halafu hukilaza kwenye kitegemeo chake kipoe, maana chuma cha moto huunguza tishu, na huchukua kingine kilichokwisha kupoa. Hufungua chupa, hulitoa bonge la machipukizi, hukata yaliyogeuka meusi kwa utomvu wa mgomba wenyewe, hugawanya yaliyobaki, huyapandikiza, hufunika. Kisha hurudi mwanzo, kwenye spiriti na moto.

Wengi hudhani kwamba mwali wa spiriti ndio utakasao. Sivyo. Spiriti huua vijidudu vingi, walakini haiziui spora, zile mbegu ngumu za bakteria kama Bacillus. Na mwali wake, kwa kuwa ni mfupi, hauupi ubapa wa chuma joto la kutosha kuziangamiza. Kinachoziangamiza ni joto lenyewe likikaa juu ya chuma kwa muda wake. Kwa hiyo kazi yote ina nguzo mbili, joto na muda. Na kati ya hizo, joto hutolewa na gesi, ambayo haichoki, ilhali muda hutolewa na mtu.

Naye mtu huchoka. Tuseme kila uchomaji wataka sekunde 15, na kazi ya siku yataka uchomaji mara 300. Hizo ni sekunde 4,500, yaani saa moja na robo ya kukaa tu ukiutazama moto. Asubuhi mtaalamu huhesabu kwa uaminifu, adhuhuri huhesabu kwa haraka, na alasiri mkono hupita motoni kama apitavyo mtu mlangoni kwa jirani aliyemzoea, akibisha hodi bila kungoja kukaribishwa. Si uvivu wala hiana. Ni tabia ya mwili unaorudia jambo lisiloonyesha matokeo yake papo hapo. Adhabu huja baada ya wiki mbili, tatu, wakati hakuna akumbukaye ni kisu cha saa ngapi kilichopitishwa upesi.

Udhaifu huu hauko maabarani peke yake. Mnyauko bakteria wa migomba, ulioelezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaingia Uganda 2001 na magharibi ya Kenya 2006, husafiri pamoja na mambo mengine kwa panga lililokata mgomba mgonjwa likakata na mzima. Wakulima walifundishwa kulichoma panga motoni au kulitia katika dawa ya klorini baina ya shina na shina. Agizo sahili kulisikia, lakini zito kulitimiza katika shamba la migomba mamia, jua likiwa utosini. Mwenye panga na mwenye kibano wanashindwa na kitu kimoja: kurudia kwa ukamilifu ule ule, mara ya kwanza na mara ya mia tatu.

Hapo ndipo mashine hustahiki nafasi yake. Tangu mwanakemia Bunsen na fundi wake Desaga walipotengeneza kichomeo chao huko Heidelberg mwaka 1855, na tangu mtaalamu wa bakteria Koch na wanafunzi wake walipoizoeza dunia kuchoma waya wa platini kabla ya kugusa vijidudu, moto wa maabara uliwaka siku nzima pasipo kuwa na haja nao kila dakika. Hatua ya kwanza ya kuuendesha kwa mashine imekuwa kuufundisha kungoja: vichomeo kama Fireboy ya kampuni ya Integra ya Uswisi huwaka pale tu mguu unapokanyaga kanyagio au mkono unapopita mbele ya kihisi, navyo hujizima baada ya muda uliowekwa. Gesi haipotei, mikono haikaangwi, na ule msiba wa kibano cha moto kurudishwa katika gilasi ya spiriti hupunguzwa, ijapokuwa hauondolewi. Maana spiriti ya asilimia 70 hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 17 hivi za Selsiasi, joto ambalo mchana wa kawaida hulipita. Kifuniko cha chuma karibu na gilasi bado ni aula kuliko mashine yoyote.

Hatua ya pili imekuwa kuufuta mwali wenyewe. Kuna chungu kidogo cha umeme kilichojaa shanga za kioo zilizopashwa hadi nyuzi 250 hivi, ambamo ncha ya chombo kilichosafishwa na kukaushwa hutiwa kwa sekunde kumi hadi ishirini. Na kuna bomba la udongo wa kauri lenye joto la nyuzi zaidi ya 800, ambamo kitanzi cha waya hutakasika kwa sekunde tano hadi saba. Bomba hili lina fadhila kubwa katika maabara za hospitali, kwa sababu kitanzi chenye makohozi kikitiwa ghafla katika moto wa wazi hutatarika na kurusha matone, na matone ya mgonjwa wa kifua kikuu si kitu cha kurushwa hewani. Ndani ya bomba, kinachoruka hubaki humo humo na kuungua. Mwisho wa ngazi hii ni mashine kama WASP ya kampuni ya Copan ya Italia, ambayo hupaka sampuli juu ya agari bila mkono wa mtu na kuvitakasa yenyewe vitanzi vyake kwa joto. Lakini hiyo ni mali ya hospitali kubwa zenye maelfu ya sampuli, na si ya kumfaa mwenye chumba kimoja na kabati mbili.

Lililo la kumfaa huyu wa chumba kimoja ni dogo zaidi, nalo haliko mbali na uwezo wa mafundi wetu. Kipimajoto cha waya, swichi ya umeme, saa ndogo ya elektroniki na taa mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, vyatosha kufanya kifaa kinachoushika muda badala ya mtu: kibano kikiingizwa, taa nyekundu, joto likitimia na sekunde zikaisha, taa ya kijani, kikitolewa mapema, kengele. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Meru huko Nchiru, ambacho kimo Tigania Magharibi, wangeweza kuufanya mradi kama huo ukawa zoezi la muhula, na maabara za miche zikapata msaidizi asiyechoka.

Walakini msaidizi asiyechoka aweza kuwa msaidizi asiyesema kweli, na hili ndilo ambalo wauzaji wa mitambo hulipitia haraka. Waya uliochomwa katika moto wa wazi hutoa ushahidi wake mwenyewe: huwa mwekundu, na kila aliye chumbani huona. Shanga za kioo zenye nyuzi 250 hazina rangi yoyote ya kuzitofautisha na shanga baridi. Chungu chake hutaka nusu saa hivi kupata joto. Sasa umeme ukikatika saa nne asubuhi, ukarudi baada ya dakika ishirini, feni ya kabati ikaanza kuvuma na taa zikawaka, mfanyakazi huendelea na kazi akidhani kila kitu kimerudi pamoja, kumbe shanga zimerudi nusu ya njia. Mtu aliyechoka hukosea, tuseme, mara moja katika kumi, nazo chupa tisa zikasalimika. Mashine iliyopotoka hukosea kila mara kwa uaminifu ule ule iliofanyia kazi njema, na kwa kuwa inaaminiwa, hakuna aitiliaye shaka.

Kwa hiyo kipimo cha mashine ya namna hii si wepesi wake wala uzuri wa umbo lake, bali ni ushahidi inaoutoa. Ionyeshe joto lake lilivyo sasa, wala isionyeshe joto lililokusudiwa. Ikatae kuwasha taa ya kijani mpaka joto litimie, hata umeme ukikatika mara kumi. Na iwekewe mtihani usioitegemea yenyewe. Mtihani huo ni wa gharama ndogo: chombo kichafuliwe kwa makusudi, na penye uwezo kwa spora za Bacillus atrophaeus zitumiwazo duniani kupimia joto kavu, kitakaswe na mashine, kisha kitiwe katika chupa ya mchuzi safi wa kukuzia bakteria na kuwekwa mahali pa joto kwa siku kadhaa. Mchuzi ukibaki mwangavu, mashine imeshuhudiwa; ukitibuka, isimamishwe siku hiyo hiyo, na chupa zote zilizopitia kwake zitengwe.

Maabara yenye daftari la mitihani kama hiyo yaweza kutumia moto, shanga au bomba, mkono au mashine, na miche yake ikaaminika. Isiyo nalo, hata ikiwa na mtambo wa thamani kuu, inauza matumaini tu. Mkulima wa Muthara hana haja ya kujua jinsi swichi inavyofanya kazi, ila ana haki, kabla ya kutoa fedha yake, ya kuuliza ni nani aliyepima chombo kilichokata mche wake, na lini.