Baba akichonga mifereji ya mbao, watoto wakae mbali

Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, si ajabu kukuta karakana ya seremala hatua chache tu kutoka jikoni. Baba anapasua mbao, mtoto anamletea chai. Hapo ndipo ajali huanzia.

Hatari huongezeka fundi anapochonga mifereji ya kukalisha rafu za kabati. Baadhi ya mafundi hutumia seti ya misumeno ya duara: miwili ya nje na vipande vya kukatia katikati, ili mfereji uwe mpana. Kwa kazi hiyo, kifuniko cha kawaida cha kinga mara nyingi huondolewa.

Kabla ya kununua seti, hakikisha mashine yako ya mezani imetengenezwa kuipokea. Isizidi kipenyo kinachoruhusiwa, na nati iingie yote kwenye ekseli. Usiifunge kamwe kwenye grenda ya mkononi. Chomoa umeme unapoifunga, na sukuma ubao kwa kijiti, si kwa vidole. Ukimaliza, rudisha kifuniko.

Kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono. Kipande kilichokatika kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, kisha weka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Wahini hospitali pamoja nacho.

Na ile chai? Isubiri mpaka mashine izimwe.