Vitamutamu vya Haraka kwa Kikaango cha Hewa

Mama msomaji, yawezekana kwamba nyumbani mwako, juu ya kabati au pembeni mwa meza ya jikoni, kimekaa chombo kimoja cheusi, cha mviringo kama yai kubwa, chenye droo kwa mbele na waya mnene kwa nyuma. Huenda kililetwa na mtoto aliyerudi likizo kutoka Ulaya au Uarabuni. Huenda kilikuwa zawadi ya arusi. Wauzaji hukiita eafraya. Sisi katika ukurasa huu tutakiita kikaango cha hewa, ingawa, kama tutakavyoona, jina hilo nalo lina uongo kidogo ndani yake. Baadhi ya nyumba nizijuazo hapa Bujumbura hukitumia mara mbili tatu kwa kuchoma kuku, kisha hukifunika kitambaa kikabaki kuwa pambo. Leo nataka tukifunue kwa kazi nyingine, nayo ni vitamutamu vya chai ya jioni.

Sina budi kwanza kukiri kosa langu. Chombo changu kilinifikia siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, na kwa pupa niliyokuwa nayo nikaazimia kuwafuturisha wageni kwa kaimati zisizo na mafuta. Niliukoroga unga, nikauacha ukaumuka vizuri, kisha nikaudondosha tone kwa tone ndani ya kikapu cha chombo. Nusu yake ulipita katika matundu ya kikapu, ukaungulia chini na kujaza moshi jikoni; nusu iliyobaki ilitandaa, ikakauka, ikawa kama vipande vya ngozi. Wifi yangu aliinua kimoja, akakigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole, "Wifi, hizi ndizo kaimati, au unatuanikia mihogo?" Wageni walifuturu kwa tende na uji, nasi tukacheka. Lakini usiku ule nilianza kujiuliza chombo hiki hasa hufanya nini.

Jibu lake si gumu. Kwa ndani, juu kabisa, mna waya uliozungushwa ambao hupata moto kwa umeme, na karibu yake mna feni. Feni huisukuma hewa ya moto kwa nguvu ikizunguke chakula pande zote, hata chini, maana kikapu kina matundu. Basi hakuna kinachokaangwa humo. Chakula huokwa, kama katika tanuri, ila tanuri hili ni dogo na upepo wake ni mkali. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1945, huko Marekani, William Maxson alikuwa tayari ametengeneza jiko dogo lenye feni kwa ajili ya kupasha moto vyakula vilivyogandishwa ndani ya ndege. Chombo cha nyumbani tukijuacho sasa kilitokana na kazi ya Mholanzi Fred van der Weij, na kampuni ya Philips ilikitoa kwa watu katika maonyesho ya Berlin mwaka 2010. Tangu hapo viwanda vingi vimeiga.

Sasa utaona kwa nini kaimati zangu zilikataa. Mafuta yaliyochemka hulikumbatia tone la unga mzito kila upande kwa mara moja, yakaligandisha umbo lake kabla halijapata nafasi ya kutandaa. Hewa, hata ikiwa na moto wa nyuzi 180, hupeleka joto polepole kuliko mafuta. Kwa hiyo kila kinachomiminika, kama kaimati na vitumbua, kiache katika karai na chuma chake. Kinachofaa humu ni kile kinachoweza kusimama chenyewe: tunda, donge, keki iliyo ndani ya bati lake, biskuti.

Nianze na ndizi, kwa kuwa ndicho kitamutamu chepesi kuliko vyote na tena hakitaki sukari. Jambo hilo si dogo. Mwaka 2023 sukari iliadimika hapa mjini hata kilo moja ikawa ya kutafutwa kutwa nzima, na wengi wetu tulijifunza wakati huo kwamba ndizi iliyoiva sawasawa ina utamu wa kutosha. Chukua ndizi za mkono wa tembo, zile ambazo jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa huziita makemba. Zingoje mpaka ganda liwe na madoa meusi na ndizi yenyewe ilegee chini ya kidole. Mwenye haraka huzipika zingali za manjano tupu, kisha hulalamika kwamba zina ladha ya viazi. Hiyo si hatia ya chombo. Menya ndizi 3, zikate mshazari, unene wa kidole. Zipake samli kijiko kidogo kimoja, nyunyizia iliki iliyotwangwa, zipange zisilaliane. Weka nyuzi 180 kwa dakika 5, zigeuze, kisha dakika 4 nyingine. Katika dakika mbili za mwisho tupia nazi iliyokunwa juu yake, si kabla, kwani nazi huungua upesi. Zikitoka, kamulia ndimu. Ndimu ndiyo inayouinua utamu wa ndizi, usiiache.

Hapo pana siri moja ihusuyo vitamutamu vyote, nayo yastahili kuelezwa taratibu. Sukari huanza kugeuka rangi na kutoa harufu nzuri ikikaribia nyuzi 160 au 170. Ukizidisha sana moto, huwa chungu. Katika chombo hiki waya wa moto uko karibu sana na uso wa chakula. Kwa hiyo maelekezo ya nyuzi 200 yaliyoandikwa kwa ajili ya viazi na kuku usiyatumie kwa kitu chenye sukari. Keki na biskuti zipikie nyuzi 150 hadi 160, na ukiona uso umekuwa mwekundu kabla ya ndani kuiva, punguza moto badala ya kuitoa mapema. Rangi ya dhahabu yatosha. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali bila maji hutoa kemikali iitwayo akrilamidi, na kadiri chakula kinavyozidi kuwa cheusi ndivyo nayo inavyozidi. Mandazi meusi, basi, si ya kujivunia, yawe ya karai au ya hewa.

Kuhusu mandazi nina habari ndefu zaidi. Hapa mtaani Buyenzi ninaye jirani, mama mwenye watoto wanne, ambaye huamka saa kumi alfajiri na kukaanga mandazi anayouza barazani kwake. Mwaka jana mafuta ya kupikia yalimchosha kwa bei, akasikia kwamba kuna chombo kinachopika bila mafuta. Akaja kwangu na pesa zimefungwa katika pembe ya kitenge. "Dada," akaniambia, "hii ni akiba yangu ya mwaka mzima. Niambie kweli, nikinunue?"

"Mdogo wangu," nikamjibu, "usikinunue kabla hatujapiga hesabu."

Tukaketi, tukapika pamoja kwa chombo changu, saa ikiwa mezani. Tulitumia vikombe 2 vya unga wa ngano, yaani kama gramu 250, sukari vijiko vikubwa 3, hamira kijiko kidogo 1, iliki nusu kijiko, chumvi kidogo, samli iliyoyeyushwa vijiko vikubwa 2, na tui la nazi vuguvugu lisilofika kikombe kizima, tukilimimina kidogo kidogo mpaka donge likawa laini lisiloganda mikononi. Tulikanda dakika 10, tukaliacha liumuke saa moja. Tulisukuma unene wa kama sentimita moja na nusu, tukakata vipande 12, tukaviacha tena dakika 20. Kisha, na hapa ndipo watu wengi hukosea, tulivipaka mafuta pande zote kwa brashi. Pasipo mafuta hayo kidogo, upepo hukausha ngozi ya donge kabla halijavimba, na andazi hutoka gumu, lenye mavumbi ya unga usoni. Moto ulikuwa nyuzi 170, dakika 5 upande wa kwanza, dakika 4 upande wa pili.

Yalitoka mazuri, laini, yenye harufu ya nazi. Walakini hayakuwa mahamri yenye uwazi ndani. Yalikuwa kama mikate midogo mitamu. Watoto wake waliyala yote. Mama yao alikuwa akihesabu. Kikapu changu, ambacho ni cha lita 4, hubeba vipande 6 bila kugusana. Yeye huuza 120 kila asubuhi. Hiyo ni mizunguko 20, na kila mzunguko, pamoja na kutoa na kupanga, huchukua kama dakika 12; jumla ni saa 4. Chombo chenye wati 1,500 kikiwaka muda wote wa mapishi hayo kingekula karibu yuniti 5 za umeme, au pungufu kidogo kwa kuwa hujizima na kujiwasha chenyewe kila kinapofikia moto uliowekwa. Karai lake hubeba mandazi 12 kwa mkupuo, na kila mkupuo ni dakika 4. Hiyo ni dakika 40. Na umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri, ngano iliyokwisha kuumuka itamngoja nani?

Alikunja kitenge chake, akafunga fundo tena. Kwa sehemu ya akiba ile alinunua karai pana zaidi, na chujio la chuma la kuchujia makombo ya unga yasiungue ndani ya mafuta na kuyaharibu mapema. Mimi sioni kwamba alishindwa. Kikaango cha hewa ni chombo cha familia ya watu wanne au watano, si cha biashara ya barazani, na muuzaji asiyekuambia hivyo hakutakii mema.

Kwa familia, hata hivyo, hesabu hugeuka. Tanuri kubwa la umeme lazima lipashwe moto kwa robo saa kabla hujaweka kitu, na ni hasara kulipasha kwa ajili ya biskuti kumi. Hiki hutaka dakika 3 tu. Jaribu biskuti za nazi: piga ute wa yai 1 mpaka uwe povu jeupe, tia sukari vijiko vikubwa 3, changanya na nazi kavu iliyokunwa kikombe 1. Finyanga madonge madogo, yaminye yashikamane, yaweke juu ya karatasi ya kuokea, nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 12. Yatakuwa laini yakitoka. Yaache yapoe ndipo yakauke na kuwa yenye kumumunyika. Kiini cha yai kitie katika mandazi.

Karatasi hiyo isizidi ukubwa wa chakula, wala usiiweke peke yake wakati wa kupasha chombo. Feni huinyanyua mpaka ikagusa waya wa moto, na karatasi ni karatasi.

Keki ndogo huiva vizuri katika bati la sentimita 15, nyuzi 160, dakika 25 hivi. Ichome njiti katikati, ikitoka kavu imeiva. Tende zilizotolewa kokwa na kujazwa karanga hutaka dakika 3 tu, na ukienda kuitikia hodi mlangoni umezipoteza. Visheti navyo hukubali, maana donge lake ni gumu, mradi vipakwe mafuta. Shira yake ichemshie jikoni kama kawaida.

Yapo ya usalama ambayo sitayafupisha. Wati 1,500 katika umeme wetu wa volti 220 ni karibu ampea 7. Waya mwembamba wa kuongezea, ule unaouzwa njiani wenye matundu sita, ukibeba chombo hiki pamoja na jokofu na pasi, huyeyuka. Chomeka moja kwa moja ukutani. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma ya chombo, kwani hewa ya moto hutokea huko, na kamwe usikiweke juu ya jiko la gesi hata likiwa limezimwa. Waya usining'inie mezani mahali ambapo mtoto anaweza kuuvuta. Kikapu chenyewe hubaki na moto muda mrefu baada ya kengele kulia, na mtoto aliyesikia harufu ya ndizi hangoji.

Swali linaloniletwa mara kwa mara ni la wenye ugonjwa wa kisukari: je, kwa kuwa hakuna mafuta, wanaweza kula bila hesabu? La. Chombo hupunguza mafuta. Sukari uliyoitia ndani ya unga iko pale pale, na wanga wa unga vile vile. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, sawa na vijiko vidogo 12, chai zote zikiwamo. Shirika hilo likaongeza kwamba nusu ya hapo ni bora zaidi. Mama yangu mzazi, ambaye ana ugonjwa huo, humpa ndizi moja nusu mjukuu na nusu huila yeye, baada ya chakula chake, na siku hiyo chai yake huwa kavu.

Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sifongo laini, chombo kikiwa kimepoa. Msasa wa chuma utakwangua ule utando mweusi wa kikapu, na baada ya hapo kila donge litaganda. Sukari iliyong'ang'ania iloweke usiku kucha. Asubuhi itatoka yenyewe.