Haidrojeni ya jua yakwama kwenye uso wa elektrodi

Haidrojeni nyingi inayotumika viwandani, ikiwemo ya kutengenezea mbolea, hutokana na gesi asilia, na uzalishaji wake humwaga hewa ya ukaa. Mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha njia nyingine katika jarida la Nature: elektrodi ya titani dioksidi ikimulikwa ndani ya maji hutoa oksijeni, huku haidrojeni ikitoka kwenye platinamu iliyounganishwa nayo kwa waya.

Titani dioksidi, unga uleule unaozipa rangi za kuta weupe wake, haiharibiki majini. Kasoro yake ni kwamba hutumia mionzi ya urujuanimno tu, isiyozidi sana asilimia 5 ya nguvu ya jua. Silikoni na galiamu asenidi hunasa mwanga mwingi zaidi, lakini hazihimili maji.

Chanzo cha udhaifu huo kiko kwenye uso wa elektrodi. Mwanga ukiingia ndani ya semikondakta kama hizo hung'oa elektroni na kuacha nafasi tupu. Upande unaotoa oksijeni, nafasi hizo husogea hadi usoni kutafuta elektroni za kuzijaza. Zinatakiwa zitoke kwenye maji, ila atomi za elektrodi ziko karibu zaidi, na mara nyingi ndizo zinazonyang'anywa. Silikoni hufunikwa na oksidi isiyopitisha umeme, kazi ikasimama. Galiamu asenidi huliwa kidogo kidogo.

Mwaka 1998, Oscar Khaselev na John Turner wa Marekani waligeuza asilimia 12.4 ya nguvu ya mwanga kuwa haidrojeni, lakini kifaa chao hakikudumu.

Mwaka 2014, watafiti wa chuo cha Caltech, akiwemo Nathan Lewis, waliirudia titani dioksidi, safari hii kama koti. Waliitandaza juu ya silikoni tabaka kwa tabaka za atomi, kwa unene wa nanomita 4 hadi 143, kisha wakaweka nikeli ya kuharakisha mmenyuko. Koti hilo lilizuia maji na kupitisha umeme. Silikoni ikafanya kazi zaidi ya saa 100. Hata hivyo, kitundu kimoja kwenye koti kinatosha kuruhusu ulaji uanze chini yake.

Saa 100 ni siku nne na ushee, ilhali paneli za jua za juu ya paa hutarajiwa kudumu miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo ukisoma habari za rekodi mpya ya haidrojeni ya jua, usiishie kwenye asilimia. Tafuta na idadi ya saa.