Fahamu: Moodle, darasa la mtandaoni lisilo na ada ya leseni

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania aliyeko Babati anafungua simu, anapakua mhadhara, kisha anapakia kazi yake kabla muda haujafungwa. Mfumo unaomhudumia ni Moodle.

Ni nini?
Ni programu huria ya kuendeshea masomo, iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia. Toleo la kwanza lilitoka 2002.

“Huria” maana yake nini?
Chuo hakilipii leseni, na wataalamu wake wanaruhusiwa kuufungua msimbo, kuurekebisha na kuusambaza.

Basi ni bure?
La. Seva, umeme, intaneti na mafundi vina gharama.

Kwa nini vyuo visijitengenezee?
Inawezekana: Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kilitengeneza mfumo wake, KEWL. Lakini kujenga ni mwanzo tu, kutunza ni miaka. Njia nyingine ni kununua: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutumia mifumo ya kulipia, kikahamia Moodle.

Bando likiisha?
Programu ya simu ya Moodle huhifadhi masomo uliyopakua. Pakua ukiwa mjini, soma ndani ya basi la Dareda.