Fahamu: Moodle, darasa linaloingia hadi Kariakoo

Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hana haja ya kufunga duka ili apate notsi. Anaingia Moodle kwa simu, anapakua, anarudi kwa mteja. Programu hii ya masomo ya mtandaoni ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Chuo hakilipii leseni, ila lazima kiwe na seva na mafundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinaitumia.

Ndani yake mhadhiri hupandisha notsi, huweka siku ya mwisho ya kukusanya kazi na hutunga maswali ya kuchagua jibu ambayo mfumo wenyewe huyasahihisha. Ukumbi wa majadiliano upo, lakini wanafunzi huhamia WhatsApp, na siwalaumu.

Shida ni bando, maana video huila upesi, na wakati mwingine mtandao wenyewe: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Notsi zilizopakuliwa mapema kwenye aplikesheni ya Moodle husomeka bila mtandao. Mhadhiri akiruhusu, hata jaribio hufanyika hivyo, majibu yakatumwa baadaye.